Bi Josephine, Platipasi, na Sisi Tuliovumilia

Mwalimu Josephine Mbeyu anastaafu Ijumaa, tarehe 1 Agosti 2025, baada ya kufundisha Elimu ya Dini ya Kikristo kwa miaka thelathini na mmoja katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Filemoni, hapa Chaani. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Tinga, aliniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la shule kwa sababu, kama alivyosema, mimi ndiye ninayemfahamu kuliko wote. Ningependa ijulikane kwamba ufahamu huo sikuutafuta. Nilipangiwa meza iliyopakana na yake mwaka 1998, na tangu siku hiyo sijapata asubuhi hata moja ya kunywa chai kwa utulivu.

Jina langu ni Barke Mbarak. Nafundisha Baiolojia. Nalitaja somo langu mapema kwa sababu wanafunzi wengi waliopita hapa wako tayari kuapa kwamba Baiolojia walifundishwa na Bi Josephine, na wengine wamenieleza hivyo mimi mwenyewe, bila haya, sokoni.

Alizaliwa Rabai katika familia ya wakulima wa minazi, akasomea ualimu, kisha akapelekwa kufundisha bara. Huko hakukaa. Aliomba uhamisho akidai kwamba watu wa bara husalimiana mbiombio kama wanaodaiwa. Alipofika Chaani mwanzoni mwa mwaka 1994, shule yetu ilikuwa madarasa machache ya mabati, na wanafunzi wake walikuwa, kama walivyo hadi leo, watoto wa makuli wa bandarini, wa wafagiaji wa uwanja wa ndege, wa mama wauza mihogo. Wakristo na Waislamu kwenye benchi moja. Akaanza kugombana na uongozi mwezi wa kwanza. Ugomvi wa mwanzo ulikuwa kuhusu choo cha wasichana, ambacho hakikuwa na mlango. Aliuleta mlango mwenyewe kutoka kwake nyumbani, akaufunga, na familia yake ikaishi na pazia mpaka shule ilipoona aibu ikanunua mwingine.

Ametoa matokeo mazuri ya mtihani wa taifa mwaka baada ya mwaka. Alianzisha kwaya. Alianzisha saa ya ushauri nasaha siku za Jumatano, kabla neno hilo halijawa la kawaida, akikutana na wanafunzi chini ya ngazi kwa kuwa hapakuwa na chumba. Haya yote ni ya kusifiwa na nayasifu. Sasa nije kwa yule mnyama.

Mwaka 2001 kanisa lilipata wageni kutoka Australia. Walikaa juma moja, wakapaka rangi madarasa mawili, na walipoondoka wakatuachia kalenda yenye picha za wanyama wa kwao. Ukurasa wa Oktoba ulikuwa na platipasi. Kwa wasiomjua, huyu ni mnyama wa mtoni mwenye manyoya laini kama ya fuko, mkia mpana uliobapa, vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, na mdomo kama wa bata. Hutaga mayai. Mayai yakianguliwa, mama hunyonyesha, ingawa hana chuchu. Maziwa humtoka kwenye ngozi na watoto huyaramba. Dume ana mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Mamalia wanaotaga wamebaki wachache sana duniani, yeye pamoja na ndugu zake ekidna, ambao wana miiba kama nungunungu na hula mchwa. Hayo ni maarifa ya Baiolojia. Yamo katika mada ya uainishaji, na mimi huyapitia kwa ufupi kisha naendelea na mambo yanayotahiniwa.

Bi Josephine aliisogelea ile kalenda na kikombe mkononi.

"Bi Barke, huyu ni kitu gani?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu.

"Hutaga, na hunyonyesha?"

"Ndiyo."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, Bi Josephine."

Akasimama pale mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyepokea habari za nyumbani: "Basi Mungu hakuuliza mtu."

Kalenda ile haikufunguliwa Novemba. Haikufunguliwa Desemba. Kila aliyejaribu kuigeuza aliikuta imerudishwa, na tulikaa Oktoba mpaka mwaka ukaisha, huku tukikosa tarehe za mikutano na mwenzetu mmoja akifika shuleni siku ya sikukuu na kushangaa lango limefungwa.

Kuanzia hapo hakuna mada ya Dini iliyokuwa salama. Akifundisha uumbaji, platipasi. Akifundisha Nuhu, swali la kwanza lilikuwa platipasi aliwekwa na ndege au na wanyama. Akifundisha ndoa ya Kikristo, wallahi sikuelewa alipitia njia gani, lakini alifika. Alipenda zaidi kisa cha wataalamu wa Ulaya ambao, walipoletewa ngozi ya platipasi kwa mara ya kwanza, walidhani ni hila ya mtu aliyeshona mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine, na mmoja wao akachukua mkasi kutafuta nyuzi. "Walitafuta uzi wa Mungu kwa mkasi!" alikuwa akisema mstarini asubuhi, akicheka mpaka anafuta macho, na mimi nyuma yake nikihesabu dakika za kipindi changu zinavyopotea.

Alitengeneza sanamu ya mnyama huyo. Alipata kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa mchinjaji wa Magongo, akakijaza sufi, akaweka mwiko wa mbao kuwa mdomo na soli ya kiatu kuwa mkia, kisha akakiweka kitu hicho katika maabara yangu bila kuniuliza. Kilinuka. Mkaguzi aliyetutembelea muhula ule alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina kibali cha kuhifadhi nyara. Nilimwambia kwamba kile ni kifaa cha somo la Dini. Alinitazama mimi sasa, kwa muda mrefu vilevile.

Na wanafunzi, katika mtihani wangu, nilipowauliza sifa za mamalia, waliandika: mamalia huzaa, isipokuwa pale Mungu alipoamua vingine. Nitawapaje alama? Nitawanyimaje?

Nilimkabili mara nyingi. Nilimwambia ana haki ya kumpenda mnyama yeyote, lakini kwa nini huyu, na kwa nini kila siku? Siku moja alinijibu bila utani. Alisema kwamba alipokuwa msichana Rabai aliambiwa kanisani kwamba ana sauti ya kiume, akaondolewa safu ya wasichana katika kwaya, na wavulana nao hawakumtaka, akawa anaimba mlangoni. "Kila mtu ana masanduku yake, Bi Barke. Hili la ndege, hili la wanyama. Ukimleta asiyeingia, watu hawalaumu sanduku. Wanamlaumu yeye. Mimi nataka watoto hawa wajue kwamba Mungu hana masanduku."

Kwetu sisi Waislamu pia twasema Mola huumba atakavyo. Lakini nilimwomba aiondoe ile sanamu, na hakuiondoa.

Ningeweza kuendelea na vituko hivi mpaka jarida lijae, na najua wengi mnavitarajia. Lakini wasifu wa Bi Josephine ulio na platipasi wa kuchekesha tu utakuwa nusu ya ukweli. Kwa idhini yake, na kwa idhini ya mwenye kisa, naandika na nusu ya pili.

Mwaka 2018 tulikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Faith Kai. Mama yake, Margaret, alikuwa akiponda kokoto Mwakirunge, na Faith aliishi kwa shangazi yake hapa Chaani ili awe karibu na shule. Alikuwa msichana mwerevu, mcheshi kwa wenzake wachache, na mwenye ndevu. Zilianza kumwota akiwa na miaka kumi na mitano, kwanza kidevuni, kisha mashavuni. Hospitali walishamweleza mama yake sababu, na sababu hiyo ni yao. Alikuwa msichana, mwenye ndevu. Alizinyoa mwanzo, ngozi ikamwaka vipele, akaacha.

Minong'ono ilikuwapo muda mrefu. Asubuhi moja Faith aliingia darasani akakuta wembe mpya umewekwa juu ya dawati lake. Kipindi kilikuwa cha Dini. Bi Josephine aliuona ule wembe, na wale mnaomfahamu mnajua hasira yake inavyopanda, kuanzia shingoni. Hakumuuliza mtu nani kauweka. Akautia mfukoni, akafunga kitabu, akaanza.

Maabara yangu inatenganishwa na darasa lile kwa ukuta mwembamba. Nilisikia yote. Nilisikia platipasi, mayai, maziwa, wataalamu na mkasi wao. Nilisikia kwamba Mungu aliumba, akatazama, akaridhika, na hakumwomba platipasi achague upande. Nakiri yalikuwa mahubiri mazuri kuliko yote niliyowahi kumsikia. Kisha nikasikia: "Faith, mwanangu, simama. Simama wakuone. Tumpigie Mungu makofi kwa kazi yake."

Makofi yakapigwa.

Kufikia mapumziko, shule nzima ilikuwa inamwita Plati.

Nilimfuata Bi Josephine kwenye chumba cha walimu. Alikuwa amekaa anapepea uso kwa daftari, ametosheka.

"Umemsimamisha mtoto mbele ya watu," nikamwambia, "ukamlinganisha na mnyama."

"Nimemlinganisha na kazi ya Mungu!"

"Hawakusikia kazi ya Mungu, Bi Josephine. Wamesikia mdomo wa bata."

"Wewe hukuwapo darasani."

"Sikuhitaji kuwapo. Nenda nje usikilize wanavyomwita."

Alitoka. Aliporudi hakuketi. Alikusanya vitu vyake, akaviweka tena mezani, akavikusanya tena. Kesho yake Faith hakuja shule. Wala kesho kutwa yake. Shangazi yake akatuambia amerudi kwa mama yake Mwakirunge na amesema hasomi tena.

Jumamosi Bi Josephine alinipigia simu kabla sijamaliza kufunga kanga. Alitaka gari. Gari langu, si lake, kwa kuwa yeye hakuwahi kununua gari. Miaka yote amekuwa akisema gari ni la watu wawili, yaani mimi niendeshe na yeye aelekeze. Tukavuka mjini, tukapita Kisauni, tukashika barabara ya Mwakirunge nyuma ya malori ya taka. Vioo tulivifunga na harufu ikaingia vilevile. Vumbi la machimbo lilikuwa limefunika kila kitu hata majani. Njia nzima alikuwa akijiandalia hotuba kwa sauti, na katika hotuba ile, kama mnavyokisia, alikuwamo ekidna. Nikasimamisha gari.

"Bi Josephine, ukimtaja mnyama yeyote pale, hata kuku, nakuacha hapo urudi kwa miguu."

"Sasa nitasema nini?"

"Sijui. Lakini si hilo."

Tulimkuta Margaret nje ya nyumba yake ameketi kwenye gunia, nyundo mkononi, kokoto zimerundikwa mbele yake. Alituamkua kwa adabu, akatuletea viti, akatupa maji. Adabu ile ilikuwa nzito kuliko matusi. Alipohakikisha tumekunywa, akasema:

"Walimu, mimi nilimpeleka mwanangu shule asome. Sikumpeleka awe mfano."

Bi Josephine akaweka kikombe cha maji chini.

Faith akatoka ndani. Alikuwa amejifunga leso usoni kuanzia puani kwenda chini, kama mponda kokoto anayejikinga na vumbi, ila hakuwa anaponda. Akatusalimia, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mwalimu, ulisema Mungu anapenda vitu vya ajabu."

"Nilisema, mwanangu."

"Ukanitazama mimi."

"Nilikutazama."

"Basi wenzangu wote Mungu aliwaumba tu, kawaida. Mimi ndiye akanifanya niwe wa kushangaza watu." Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Yule mnyama wako, Mwalimu, yeye hajijui kuwa ni ajabu. Yumo mtoni kwake, anatafuta chakula. Ni mpaka aje mtu na mkasi."

Bi Josephine aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini hakuwa analia. Alikuwa anafikiri, na ilimuuma. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyekuja na mkasi. Nimekukosea, Faith."

Margaret hakulainika. Aliokota jiwe, akalipasua, akasema bila kutuangalia, "Hapa uko na sisi watatu tu, Mwalimu. Siku ile walikuwa darasa zima. Yaseme hayo kwa waliopiga makofi."

Njia ya kurudi Bi Josephine hakunielekeza hata kona moja. Nikapotea mara mbili.

Jumatatu alikwenda kwa Bwana Tinga kuomba nafasi mstarini. Bwana Tinga, ambaye wakati ule alikuwa mgeni katika cheo hicho, alikataa. Alisema mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha mbele ya shule, nidhamu imekwisha, kesho tutadaiwa msamaha kwa kila adhabu. Leo anacheka akikumbushwa, na amenikubalia niandike hili. Bi Josephine akamshukuru, akatoka, akangoja zamu yake ya kawaida ya neno la asubuhi siku ya Ijumaa, akapanda jukwaani bila Biblia na bila karatasi. Faith hakuwapo. Bi Josephine alijua hayupo.

"Juma lililopita nilimsimamisha mwenzenu," alisema. "Nilidhani namtetea. Nilimfanya kitu cha kutazamwa. Nilikosea, na ninamwomba msamaha mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Tena nimewafundisha vibaya kwa miaka mingi. Nimewaambia Mungu aliumba mnyama wa ajabu. Mungu hakuumba mnyama wa ajabu hata mmoja. Aliumba wanyama. Ajabu ni neno letu, tunalitumia pale akili zetu zinapoishia. Anayetaka kumwita Faith jina asilopewa na mama yake, aanze kwa kuniita mimi. Nitaitika."

Kisha kijana mmoja wa nyuma, kwa kutaka sifa, akaita, "Plati!"

"Abee!" akaitika Bi Josephine, kwa sauti kubwa ya kwaya, mara moja, na kwa uso usio na mzaha hata kidogo. Yule kijana akatafuta pa kujificha. Jina lile halikusikika tena. Naeleza tu kilichotokea.

Habari zilifika Mwakirunge kabla ya jioni, maana watoto wetu wana simu ingawa hawaruhusiwi. Juma lililofuata Faith alirudi, akaketi dawati lake lile lile. Ningependa kusema yaliishia hapo. Bodi ya shule ikaita kikao.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Mwarandu, mzee wa kanisa, mtu mwema aliyejitolea sana kwa shule hii, na mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri mpaka kifuani. Alikuwa amekasirika kwa mambo mawili, mwalimu kujidhalilisha mstarini, na wazazi kadhaa waliolalamika kwamba binti yule anawatia watoto wao hofu. Akapendekeza Faith aendelee na masomo kwa sharti moja, awe ananyoa kila siku kabla ya kuingia langoni. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayezungumzia soksi.

Kisha akanigeukia mimi, niliyeitwa kama mwalimu wa sayansi. "Mwalimu Barke, tusaidie. Huyu mtoto kitaalamu ni nini?"

Nilimjibu kwamba kitaalamu ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyepata alama themanini na mbili katika mtihani wangu, na kwamba yaliyobaki ni ya yeye na daktari wake. Nilikuwa nimeghadhibika. Bi Josephine akasimama. Wajumbe wakatazamana, mmoja akaegemeza kichwa mkononi. Kila mtu mle chumbani alijua kinachokuja, na walikuwa wamekaa mkao wa kukivumilia.

"Faith yupo nje kwenye benchi," alisema. "Mmemzungumzia tangu mlipofika. Naomba aitwe aulizwe."

Akaketi. Basi. Sijawahi kushangaa kiasi kile.

Faith akaitwa, akasimama mlangoni na sare yake, bila leso. Mzee Mwarandu akamweleza sharti lile kwa upole, kama babu, akamuuliza kama ataweza. Faith akafikiri.

"Babu, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nikinyoa, ngozi yangu inatoka damu. Lakini siku nikitaka kunyoa nitanyoa. Na siku nisipotaka sitanyoa, kama wewe. Wewe hukuulizwa langoni."

Hakukuwa na ufidhuli katika sauti yake. Alikuwa anaeleza tu. Mzee Mwarandu aliinua mkono, nadhani ili ajibu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ndevu zake, kama ulivyozoea, ukabaki pale. Mama mmoja wa bodi akaanza kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akajifunika kwa mtandio. Kisha mzee mwenyewe akacheka, kidogo, puani, akasema, "Haya. Rudi darasani, mama." Faith alipotoka, mzee akatangaza kwamba kikao kiendelee na suala la matangi ya maji.

Faith alibaki. Bi Josephine ndiye aliyelipa. Kwa kupuuza agizo la Mwalimu Mkuu alivuliwa uongozi wa idara ya Dini aliokuwa nao, na hakurudishiwa tena mpaka leo anapostaafu. Ningependa kuandika kwamba aliyapokea kwa unyenyekevu wa Kikristo. Aliyalalamikia kila siku kwa mwaka mzima, saa ya chai, kwenye sikio langu la kushoto. Lakini nilipomuuliza siku moja kama angepata nafasi angefanya vingine, alisema angefanya vingine tangu siku ya wembe. Ile ya Ijumaa asingeigusa.

Faith Kai leo ni karani wa mizigo katika ghala moja Port Reitz. Miezi mingine ana ndevu, miezi mingine hana. Mimi nimeacha kuangalia. Amenisomea rasimu hii na akasahihisha mambo mawili, moja likiwa kwamba alama zake zilikuwa themanini na nne.

Platipasi hakuondoka katika somo la Dini, msidhani. Bi Josephine alimfundisha hadi muhula huu. Ila tangu mwaka ule hakumfundisha tena akimtazama mtoto yeyote. Alikuwa akitazama dirishani, nje, kana kwamba mnyama mwenyewe anapita uani kwenda zake.

Jumapili iliyopita kanisa lilimfanyia ibada ya shukrani, naye akaniagiza niwepo. Akaniagiza, hakuniomba. Nikaenda na buibui langu, nikatafuta kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali ambapo mgeni wa dini nyingine hakai katika njia ya mtu. Bi Josephine aliniona kutoka mbele. Akatuma mtu aniite. Nikatikisa kichwa. Akatuma tena. Mwisho nikainuka kwa aibu, nikaketi safu ya kwanza, na mhudumu mmoja kijana mwenye tai akaja kuninong'oneza sikioni, kwa adabu kabisa, kwamba safu hii ni ya familia, na wageni wametengewa hema pale nje lenye feni.

Kwaya ilikuwa inaimba. Bi Josephine alikuwa katikati yao, sauti yake nzito chini ya sauti zote. Aliacha kuimba. Akainua mkono, kwaya ikanyamaza, piano ikanyamaza, kanisa zima likageuka.

"Huyo ni familia," alisema. "Mwacheni."

Akaendelea na ubeti pale pale alipokuwa ameukatia. Mimi nilibaki nimeketi mbele ya umati wa watu wasionifahamu, uso unawaka, nisijue pa kuweka mikono, nimemkasirikia kuliko siku yoyote ya miaka hii yote. Mama aliyeketi kando yangu akanisogezea feni yake ya ukili.

Bi Josephine, walimu, wanafunzi na wafanyakazi wote wa Mtakatifu Filemoni tunakushukuru kwa yote, hata kwa yale tuliyokuomba uyaache. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na majirani wenye subira. Uishi vyema, dada yangu.